Picha ya Ta Karugendo Dirishani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Shamsa alikuwa na kazi ambayo hakuwa tayari kumwachia mtu mwingine: kufuta kioo cha dirisha la studio ya baba yake. Studio hiyo ilikuwa Miembeni, mjini Bukoba, ubavuni mwa kibaraza cha fundi cherehani. Juu ya mlango palikuwa na kibao chenye maandishi ya rangi ya samawati: *Lukmani na Ndugu, Wapiga Picha*. Ndugu mwenyewe alikwisha kuhamia Tabora zamani, lakini Bwana Lukmani hakukibadili kibao. Kampuni ya mtu mmoja, alisema, haina haiba.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Watu waliofika mjini kufuata mahitaji yao walipita studio, wengine kwa picha za vitambulisho, wengine kwa picha za ukumbusho. Kwa ajili ya hao wa ukumbusho, studio ilikuwa na vyombo vyake: koti jeusi, tai, saa ya mkono isiyotembea na redio kubwa yenye vifundo vinavyong'aa. Nyuma ya kiti cha mteja lilining'inia pazia lililochorwa nyumba ya ghorofa. Koti lilikuwa limepasuliwa mgongoni, kutoka kwenye ukosi hadi chini, likashonewa vikamba, ili liwatoshe wanene na wembamba. Redio nayo haikuwa na kitu ndani ila nusu tofali la kuizuia isipinduke. Atazamaye picha hangeweza kuyajua hayo. Aliyepigwa picha aliyajua, na mwenye studio aliyajua, basi.

"Picha ni amana," Bwana Lukmani alizoea kusema akitundika filamu zikauke. "Mtu ametuletea uso wake. Tumpe picha yake, na yaliyobaki tumtunzie."

Shamsa alikuwa ameyasikia maneno hayo mara nyingi hata yakawa kama mlio wa cherehani ya jirani. Yalikuwepo, lakini sikio halikuyashika tena.

Katika msimu wa kuvuna kahawa, Bwana Lukmani alialikwa Kamachumu kupiga picha za harusi, na huko huko akapata kazi ya kuwapiga picha wanafunzi. Duka akaachiwa mkewe, Mwamvita. Shamsa alipokuwa akifuta kioo, aliona kwamba picha za dirishani zimepaushwa na jua. Bibi harusi wa mwaka uliopita alikuwa amebaki meno tu. Akaingia ndani, akafungua kisanduku cha nakala zilizosalia. Humo akaiona picha ya mzee mmoja aliyevaa koti jeusi, saa mkononi, redio kando, na uso wa mtu aliyekatazwa kucheka. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote. Shamsa akaiweka katikati ya dirisha bila kumuuliza mtu, na mama yake alipoiona alidhani ni agizo la baba.

Ephrasia, rafiki yake wa darasa la sita, alipompitia akiwa na jembe la shamba la shule begani, alisimama akaitazama.

"Nani huyu? Waziri?"

"Ni mteja wetu," alisema Shamsa.

"Nanyi siku hizi mnapiga picha mawaziri, halafu unakuja kupalilia migomba pamoja na sisi."

"Hata mawaziri hula ndizi," Shamsa alijibu, wakaenda zao wakicheka.

Bwana Lukmani aliporudi kutoka Kamachumu aliingia kwa mlango wa uani na mizigo yake, akajifungia katika chumba cha giza kusafisha picha za harusi. Dirisha hakulitazama. Picha ya mzee ikaendelea kuutazama mji, na mji nao ukaendelea kuitazama.

Jumamosi moja alifika mama mmoja mwenye vumbi la safari miguuni. Aliketi kwenye benchi, akapokea maji, akanywa, akashukuru. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili cha mtu anayepima kila neno:

"Mimi naitwa Celina, natoka Kyamuganga, upande wa Muleba. Sikuja kugomba, waitu, ndugu zangu. Nimekuja kuuliza. Ni nani aliyewaambia mumweke mume wangu dirishani?"

Bwana Lukmani alitoka nje. Aliporudi, picha ilikuwa mkononi mwake, na uso wake umebadilika.

Mama Celina akaeleza. Mumewe, Ta Karugendo, yaani Mzee Karugendo, ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa ghala la kahawa la kijiji. Utingo mmoja wa lori aliiona picha dirishani, akaipeleka habari Kyamuganga. Kijijini ilifika imeota mbawa: Karugendo ana suti, Karugendo ana saa, Karugendo ana redio, na nyuma yake, bila shaka, ni ghorofa analojenga kwa siri. Mtu atavipata wapi vyote hivyo, kama si kwa kuitoa kahawa ya wenzake ghalani na kuiuza kwa magendo?

"Kesho baada ya misa kuna mkutano. Watamnyang'anya ufunguo," alisema. "Ufunguo si kitu, ni chuma tu. Lakini wakimnyang'anya, ataitwa mwizi mpaka kaburini. Mimi nikimuuliza, ananijibu picha ni yake, basi. Hasemi zaidi."

Shamsa akasogea mbele. "Mama, lile koti ni…"

"Shamsa," baba yake alimkatiza kwa upole. Kisha Bwana Lukmani akamgeukia mgeni. "Mama, kosa ni letu. Studio haikumwomba ruhusa mumeo. Kesho tutakuja Kyamuganga, inshallah, nami nitazungumza naye kabla ya mkutano."

Mama Celina alipoondoka, Shamsa alisimama mbele ya baba yake. "Ni mimi niliyeiweka, baba. Nilidhani ni heshima kwake."

"Nimejua. Ulitaka dirisha lipendeze, nami sikulitazama dirisha langu mwenyewe. Tumekosa sote. Mteja hakumkabidhi Shamsa uso wake, aliikabidhi studio. Kwa hiyo studio ndiyo itakayokwenda kuomba radhi."

"Lakini kwa nini umenikataza kusema? Ningemwambia koti ni letu, angerudi nyumbani akiwa na furaha."

"Mumewe amenyamaza mbele ya mkewe. Huenda ana sababu. Tulikwisha kutoa habari zake mara moja bila kumuuliza. Je, tuzitoe mara ya pili?"

"Hii ni habari ya kumsaidia, baba."

"Hata dawa, mwanangu, mgonjwa huambiwa kabla hajanyweshwa."

Asubuhi yake walipanda basi la kwanza. Bwana Lukmani alipakata mfuko wenye koti na tai, na redio akaipakata Shamsa. Abiria mmoja aliwasihi njia nzima, kuanzia Kemondo hadi Muhutwe, wafungulie habari. Shamsa akamjibu kwamba redio inapumzika.

Walimkuta Ta Karugendo katika kibanja chake, akipogoa majani makavu ya migomba kana kwamba siku hiyo haina mkutano wowote. Aliwakaribisha ndani, akawaletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama desturi inavyotaka hata kwa mgeni aliyekuudhi. Shamsa akapiga magoti kama watoto wa huko wanavyowaamkia wakubwa.

"Shikamoo, Ta Karugendo. Mimi ndiye niliyeiweka picha yako dirishani. Sikukuuliza. Nisamehe."

Mzee alimwashiria ainuke. "Marahaba. Uliipenda?"

"Sana."

"Hata mimi niliipenda," alisema, na ule uso wa mtu aliyekatazwa kucheka ukaonekana kidogo, kisha ukatoweka. "Balaa ndiyo hiyo."

Bwana Lukmani akamrudishia nakala ile. "Na filamu yenyewe nimeileta. Ukitaka tuitunze, tutaitunza. Ukitaka kuichoma, ichome. Tunaweza pia kuueleza mkutano juu ya vyombo vyetu vya studio. Lakini hatutafungua kinywa bila idhini yako."

Mama Celina alikuwa amesimama mlangoni. Ta Karugendo alimwona, akainamisha kichwa.

"Klaudia ndiye aliyeomba picha," alisema. Klaudia alikuwa binti yao, anayejifunza uuguzi Mwanza. "Aliandika kwamba wenzake wote wana picha za baba zao ukutani. Baba zao ni makarani, wengine mabwana shamba. Nikajitazama na shati langu. Nikaona aibu. Sasa nikisimama pale niseme koti nililiazima, watacheka, na kicheko kitasafiri mpaka Mwanza. Nisiposema, mimi ni mwizi."

Shamsa, ambaye ulimi ulikuwa ukimwasha, aliuuma.

"Karugendo," Mama Celina alisema, "huyo mtoto umembeba mgongoni ukiwa na shati hilo hilo. Unadhani alikuwa anatazama shati?"

Mzee alitafuna punje yake ya kahawa mpaka ikaisha. Kisha akanyoosha mkono. "Nipeni koti. Nitasema mwenyewe."

Mkutano ulikuwa umejaa mbele ya ghala. Mwenyekiti, Bwana Projestus, hakuwa amemaliza kufungua kikao, Kaijage akawa amekwisha kusimama. Kaijage alikuwa mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa ng'ambo ya bonde.

"Sisi tunataka kumwona mheshimiwa katika suti yake," alisema. "Tusiwaachie watu wa mjini peke yao."

"Umeomba, utapewa," Ta Karugendo alimjibu. Akalivaa koti, akakaza tai, akasimama wima. Watu wakanong'ona, maana lilimkaa kwelikweli. Kisha akageuka.

Mgongo wote ulikuwa wazi. Shati lake la kila siku, lenye kiraka begani, lilichungulia kati ya vikamba kama mtu aliyefumaniwa. Halafu bibi mmoja wa mstari wa mbele akacheka, na kicheko kikauzunguka mkutano.

"Koti hili ni la studio," alisema Ta Karugendo akiwa bado amewapa mgongo. "Huvaliwa na kila mtu, na halimfuati mtu nyumbani."

"Na redio?" aliuliza Kaijage, sauti imepungua.

Shamsa alimtazama Ta Karugendo. Mzee akatikisa kichwa kukubali, ndipo Shamsa akaipeleka redio mbele. Kaijage akazungusha kifundo. Kifundo kikabaki mkononi mwake. Akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa nusu tofali.

"Hiyo ndiyo taarifa ya habari," mtu akamwambia.

"Na ghorofa?" aliuliza mwenyekiti, akijitahidi kubaki mwenyekiti.

"Lipo kwenye pazia, Miembeni. Lina mlango mzuri, lakini hauingiliki."

Kicheko kilipotulia, Bwana Lukmani aliomba nafasi. Alieleza kwa ufupi kwamba hata saa ya pichani ni ya studio, tena haitembei, kwamba picha iliwekwa dirishani bila idhini ya mwenyewe, kwamba kosa lilikuwa la studio na si la mzee, na kwamba anaomba radhi mbele ya wale wale waliomdhania vibaya. Mwenyekiti alifungua ghala, magunia yakatazamwa, nayo yalikuwepo yote. Ufunguo ukarudi mfukoni mwa Ta Karugendo. Kaijage alisimama mara ya mwisho, safari hii bila kupaza sauti.

"Karugendo, nilikusema vibaya. Unisamehe." Akakohoa. "Na hilo koti, kuliazima ni mpaka mtu afike Miembeni?"

Katika basi la kurudi, walipokwisha kuipita Muhutwe, Shamsa alimgeukia baba yake.

"Baba, picha haikudanganya. Alilivaa koti kweli."

"Haikudanganya," baba yake alikubali. "Ila tuliitoa mahali pake. Aliipiga ili iende kwa binti yake, na kule Mwanza ilikuwa mapenzi ya baba. Sisi tukaipeleka barabarani, ikawa ushahidi wa wizi. Habari ya mtu ikifanya kazi ambayo mwenyewe hakuituma, inaweza kumuumiza hata kama ni ya kweli, hata kama ni nzuri. Kwa hiyo anayetunza mambo ya watu haimtoshi kuwa mkweli, Shamsa. Lazima pia awe mtu wa kuuliza."

Tangu juma hilo mambo ya studio yalibadilika. Nakala zilizosalia zilikabidhiwa wenyewe, na zisizodaiwa zikachomwa. Filamu zikafungiwa kabatini. Kila mteja aliulizwa waziwazi, kabla ya taa kuwashwa, kama picha yake itaruhusiwa kukaa dirishani. Na mwenye kukataa alihudumiwa kwa tabasamu lile lile. Kazi ya kuuliza akapewa Shamsa, kwa sababu, alisema baba yake, yeye ndiye aliyejua gharama ya kutouliza.

Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, Ta Karugendo na Mama Celina walikuja mjini pamoja. Klaudia alikuwa ameandika tena. Hadithi ya koti ilimfikia, akaicheka mpaka akalia, na sasa alitaka picha nyingine, baba na mama, wakiwa na nguo zao za nyumbani. Walikaa bega kwa bega, pazia la ghorofa likiwa limekunjwa kando, na Ta Karugendo hakujizuia kucheka.

Picha ilipokuwa tayari, Shamsa aliishika kwa ncha za vidole. Dirishani palikuwa na nafasi katikati.

"Ta Karugendo," aliuliza, "unaturuhusu kuiweka hii?"

"Mimi nakubali kabisa," alisema mzee. "Sasa umepata nusu ya ruhusa. Humo ndani tuko wawili, mwanangu. Muulize na mama."

Shamsa akamgeukia Mama Celina. Mama Celina aliitazama picha, akamtazama mumewe aliyekuwa amejaa furaha, akatabasamu.

"Mimi hapana, mwanangu. Nifungie vizuri, nimpelekee mtoto."

"Sawa, mama," alisema Shamsa, akaenda kutafuta bahasha.