Zamu ya Pasi

Mama Pacha alifika nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaketi palepale. Kutwa nzima alikuwa amesimama kwenye pasi ya mvuke, kule wanakofua mashuka ya hoteli. Gauni lilikuwa limemganda mgongoni.

"Leo tena pasi?" akauliza mumewe, fundi mwashi, akimpa maji.

"Lini nimetoka huko, Baba Pacha? Meza ya kukunja, pale dirishani penye upepo, ni ya mwenzetu Sukari. Meneja anamtunza kama mboni ya jicho. Sisi wengine tunaokwa kama mikate."

"Ndiyo umekunja uso hivyo?"

"Tumeyakoroga. Tulikuwa tunampitishia Sukari mashuka yenye unyevu, yanuke mikononi mwake, agombezwe yeye. Hoteli imeyarudisha. Meneja hakumgusa Sukari. Amesema yakirudi tena, mpiga pasi mmoja atafukuzwa, na jicho lake liko kwangu. Bora niache kazi mwenyewe."

"Na watoto watakula ukaidi wako?"

Jirani yao, dada dereva wa lori, alikuwa amekuja kurudisha sufuria. Zamani alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani. Akaiweka sufuria chini.

"Shoga, Sukari hakujipanga mezani. Aliyempanga ni meneja. Ugomvi mmeupeleka nyumba siyo."

"Nikamtukane meneja, basi?"

"Ukimtukana umempa sababu ya kukufukuza. Omba kuzungumza naye faragha, akiwa ametulia. Usimwambie, 'Unapendelea.' Atajitetea mpaka kesho. Sema kinachotokea: nani anasimama kwenye joto, hajabadilishwa tangu lini, na kazi inaharibika vipi. Kisha omba jambo moja analoweza kulitoa. Omba zamu. Akikataa, nendeni pamoja kwa mwakilishi wenu, au kwa mkubwa wake."

"Na yale mashuka?"

"Hayo ni yenu. Yaseme kwanza, kabla hajakuuliza. Na huyo Sukari, msalimieni. Mtu hanuniwi kwa kukalishwa kiti."

Asubuhi Mama Pacha alikwenda kwenye meza ya kukunja. Akamweleza Sukari yote, ya unyevu na ya zamu.

Sukari aliendelea kukunja shuka. Halafu akasema, "Nilijua ni nyinyi. Lakini mnadhani mimi nimepata? Pasi siijui. Meneja huyu akihamishwa, nitabaki na ujuzi gani, wa kunywa chai?"

Wakaingia ofisini wote wawili.

"Bosi," Mama Pacha akaanza, "unyevu ule ulikuwa kosa letu. Hautarudi. Lakini sisi wa pasi hatujabadilishwa tangu mwaka uanze. Mkono uliochoka unaunguza nguo. Tunaomba zamu, wiki kwa wiki, kila mtu ajue kila kazi."

Meneja akakaza uso. "Kumbe mnaharibu kazi, kisha mnanipangia? Meza ile ni ya Sukari."

"Sikuiomba, bosi," Sukari akasema taratibu. "Mimi naomba kufundishwa pasi."

Meneja alimtazama kama anamwona mara ya kwanza. Akakuna kidevu. "Tujaribu mwezi mmoja. Shuka moja likirudi, zamu imekufa."

Wiki ya kwanza Sukari aliunguza foronya. "Sasa umekuwa mwenzetu," wakamwambia, na Mama Pacha akamwonyesha namna ya kuinua pasi. Mashuka yalitoka makavu. Hoteli haikurudisha hata moja. Mama Pacha akaacha habari ya kuacha kazi.

Mwezi ulipoisha, meneja aliingia na msichana mgeni. "Huyu ni mpwa wangu. Atakaa meza ya kukunja."

Pasi zote zikatulia. Mama Pacha akashusha sauti.

"Karibu sana, mwanangu. Bosi, wiki hii meza ni ya bibi wa pasi ya tatu. Mgeni tumwanzishe pasi, tutamfundisha vizuri. Zamu ya meza itamfikia."

Meneja alimtazama yeye, akamtazama Sukari, akawatazama wote. Hakuna aliyekwepesha macho.

"Haya," akamwambia mpwa wake. "Vaa aproni. Simama pale kwa Mama Pacha."