Gurudumu Lililozunguka Peke Yake

Kila alasiri, akitoka shule, Solenn alitupa mkoba jikoni, akala chapati ya ngano nyeusi iliyopakwa siagi, kisha akaenda bandani kwa bibi yake. Humo ndimo walimokuwa wakiifufua baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya mbio ya zamani, fremu yake ya chuma, nyembamba na nyepesi. Bibi Azenor aliwahi kushindania nayo alipokuwa msichana. Sasa kiharusi kilikuwa kimeulegeza mkono wake wa kulia, basi yeye alitoa maarifa na mjukuu akatoa mikono.

Breki zilikuwa tayari, na magurudumu yalikwisha nyooshwa. Kilichobaki ni kikombe kimoja cha gololi, kile cha upande wa kulia kinachoshika ekseli ya pedeli. Cha zamani kilikuwa kimepasuka. Solenn aliagiza kingine dukani, kikaja king'aavu, lakini kilipowekwa, hesi zake, ile mikato ya kuskurubia, ziligoma.

"Acha, usikaze," alisema Bibi. "Hicho ni cha hesi ya Kiingereza. Baiskeli hii ni ya Kifaransa, tena ya siku nyingi. Ukilazimisha utaila hesi ya fremu, na fremu ikishaliwa hesi, kwaheri."

"Sasa tutapata wapi, Bibi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Waliokuwa navyo wengi wako makaburini."

Walikuwa hawana muda. Sikukuu ya Watakatifu ikipita, Bibi Azenor angehamia kwenye nyumba ya wazee huko Brest. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: amwone Solenn akilizunguka ziwa la Huelgoat juu ya baiskeli ile.

Shuleni Solenn alimweleza binamu yake, Gweltaz. Gweltaz akacheka.

"Kwa marehemu Yeun vikombe hivyo viko tele. Ila utakwenda peke yako. Mimi roho yangu bado naitaka."

Yeun alikuwa fundi baiskeli. Tangu alipofariki, nyumba yake iliyo ukingoni mwa msitu ilikuwa imefungwa madirisha yote, na watu walisema mjane wake alihamia kwa binti yake.

"Wapitao wanasikia magurudumu yakizunguka mle ndani," Gweltaz aliongeza. "Na hakuna mtu."

"Mwongo wewe."

"Haya, nenda basi. Mpe salamu zangu."

Kesho yake ukungu ulishuka mzito. Solenn alipita kati ya majabali yaliyovaa kuvumwani ya kijani, na hata nyayo zake hakuzisikia, kwani majani yaliyooza yalizimeza. Kabla hajaiona nyumba, aliisikia sauti. Tiki-tiki-tiki. Ilikuwa sauti ya gurudumu linalokwenda bila kusukumwa.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi kidogo. Ndani, baiskeli zilining'inia darini kama popo. Zote zilikuwa zimetulia, isipokuwa moja. Gurudumu lake la nyuma lilikuwa likizunguka taratibu, likipungua, likipungua, mpaka likasimama. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na upepo.

Solenn alirudi nyuma hatua moja. Angegeuka na kukimbia, lakini macho yake yaliangukia meza. Juu ya kitambaa safi palikuwa na ekseli na vikombe vyake viwili, vimefutwa na kupakwa grisi. Alikinyanyua cha kulia, akakipima na kile kilichopasuka alichokuja nacho mfukoni. Hesi zilifanana.

Hapo ubao ulilia nyuma ya mlango wa ndani. Kisha akasikia pumzi, ndefu na ya kutetemeka. Solenn alikifumbata kikombe akatoka mbio.

Jioni ile kikombe kiliingia kwenye fremu kwa vidole tu, bila kubishana.

"Umekipata wapi?" aliuliza Bibi.

"Kwa fundi mmoja wa mji wa Carhaix. Kanipa bure."

Bibi alimtazama kitambo. "Kimoja tu?"

"Kimoja tu."

Walipomaliza kufunga cheni, Solenn aliizungusha pedeli. Kriii. Akazungusha tena. Kriii. Kilio kile kilitoka ndani kabisa ya chuma, kikipanda na kushuka.

Bibi Azenor aliivuta shali yake mabegani. "Wazee wetu walisema mkokoteni wa Ankou, mchukua roho, hulia ekseli namna hiyo anapokuja kumfuata mtu." Alicheka kidogo, ila hakutaka pedeli izungushwe tena.

Asubuhi iliyofuata, Bibi aliamka na homa. Solenn alikaa kando ya kitanda chake akimbadilishia kitambaa cha maji. Adhuhuri Bibi alifumbua macho.

"Solenn, nani anaendesha baiskeli hapo nje?"

Solenn alichungulia dirishani. Uani hapakuwa na kitu ila ukungu. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, pale pale alipoiacha. Akaukumbuka mkokoteni wa Ankou. Alishuka, akachukua spana, akakitoa kikombe, akarudi msituni.

Safari hii alibisha hodi.

"Rudi ulikotoka," ilisema sauti kutoka gizani. "Nimekwisha mpigia simu binti yangu. Yuko njiani."

"Nimeleta kitu chenu," alisema Solenn. "Mimi ndiye niliyekichukua."

 Mlango ulifunguka polepole, akatokea mwanamke mzee mwenye miwani myeusi, jembe mkononi. Alikuwa Soizig, mjane wa Yeun. Hakuwa amehama hata siku moja. Macho yake yaliumizwa na mwanga, ndiyo maana madirisha yalifungwa.

"Mtoto?" alisema, jembe likishuka. "Kumbe ni mtoto?"

"Nisamehe, Mama. Nilidhani hamna mtu. Nilipoliona lile gurudumu…"

"Nayazungusha mimi kila alasiri, grisi isigande. Yeun alifanya hivyo, nami naendeleza. Jana nilikwenda jikoni kuepua birika. Niliporudi, nikasikia mtu anapumua karakanani kwangu." Aliketi juu ya kigoda. "Unajua nimelalaje usiku wa jana? Na jembe kitandani. Naiogopa nyumba yangu mwenyewe."

Solenn alilia. Alikuwa ameliogopa zimwi la nyumba ile, kumbe zimwi lenyewe alikuwa yeye. Alieleza yote: baiskeli, Bibi Azenor, kilio cha ekseli.

Soizig alisikiliza mpaka mwisho. "Lazima kilie. Umechukua kikombe cha huku ukakifunga na ekseli ya kule. Vikombe viwili na ekseli yao vimesuguana miaka mingi mpaka vikajuana. Hesi ikikubali, haina maana vimepatana." Akavifunga vyote vitatu ndani ya kitambaa. "Chukua. Fremu vilikotoka ilipinda zamani, haifai. Ungebisha hodi jana, ningekupa, na ningekwambia."

Homa ya Bibi Azenor ilikuwa mafua tu, ikashuka. Solenn aliketi kitandani pake akamwambia ukweli.

"Nilijua si fundi," alisema Bibi. "Hakuna fundi anayetoa kimoja. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe."

Vipuri vilipofungwa, baiskeli ilikuwa kimya. Jumapili, Bibi Azenor na Soizig waliketi kwenye benchi kando ya ziwa, blanketi moja magotini mwa wote wawili. Solenn aliibuka kutoka kwenye ukungu wa upande wa pili, akaja mbio, akafunga breki mbele yao akihema.

Bibi aliupapasa usukani kwa mkono wake mzima. 

"Sikiliza, Solenn," alisema. "Kitu kukufaa si sababu ya kuwa chako. Uliza kwanza, hata kama unadhani nyumba ni tupu. Ukinyimwa, umekosa kipuri tu. Ukiiba, unamwachia mtu hofu, na hofu hiyo hairudishwi kama kipuri."

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi mwombe msamaha tena Soizig, halafu uzunguke mara nyingine. Mara ya kwanza ukungu ulikuficha. Sikukuona vizuri."