Mtungi Uliooshwa

Mtungi wa hewa uliibwa Nyamisati alfajiri ya Ijumaa, ukapatikana asubuhi hiyohiyo umefunikwa makuti chini ya mikoko. Kufikia adhuhuri mlinzi wa stoo ya vifaa, Mzee Badru, alishatiwa pingu.

"Kufuli halikuvunjwa," alisema Nassibu, mwalimu wa uzamiaji. "Ufunguo anao yeye. Unataka nini tena, Afande?"

Inspekta Lucas wa Kibiti alifungua daftari lake taratibu. Alikuwa mtu wa Singida. Maji yaliyozidi ndoo yalimtia hofu, lakini watu wa kumharakisha aliwachukia kuliko maji.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mwenye fedha akiitwa mwekezaji. Kampuni moja ya Dar ilikuja kuvuna majongoo bahari, ikatangaza kuwa kazi ni ya wenye cheti cha awali cha uzamiaji. Wanaume sita wakajiandikisha mafunzo, na mwanamke mmoja, Semeni. Alhamisi wale sita walifanya mtihani, wakafaulu wote.

Inspekta aliinamia kielelezo, ule mtungi ulioibwa. Alama za vidole hazikuwapo. Geji ilionyesha nusu ya hewa imetumika. Akapitisha kidole kwenye chuma, akakilamba.

"Hauna chumvi," alisema, akaingia stoo. Mitungi ya mtihani ilikuwa imejipanga ukutani, yote imegandwa na chumvi nyeupe.

"Hii mbona michafu?"

"Haijaoshwa. Kifaa kikitoka baharini huoshwa kwa maji ya kisima kisishike kutu. Ni somo la kwanza."

"Wanafunzi wako hawalijui?"

"Wanalijua, ila muoshaji ni Semeni." Nassibu alicheka. "Wanaume wale wainamie karai na mwanamke yupo?"

"Na jana?"

"Jana alisusa."

"Kwa nini?"

Kicheko kikakatika. "Nilimwambia hafanyi mtihani. Kampuni inataka wanaume. Tulimwandikisha ili wakubwa waone na mwanamke yumo."

Inspekta akaona yote. Mwizi wa kuuza haoshi alichoiba. Huyu alizamia, kisha akaosha kama alivyofundishwa, na darasa zima mwenye mazoea hayo alikuwa mmoja tu.

Akamgeukia Badru. "Mzee, ufunguo ulimpa nani?"

"Semeni. Alisema anakuja kuosha vya jana. Mie nikaenda zangu msikitini."

"Mbona hukusema?"

"Yule binti kaonewa vya kutosha, Afande."

Badru akafunguliwa pingu. Semeni walimkuta barazani kwao, anasuka ukili wa mkeka, wala hakuinuka.

"Uliiba mtungi?"

"Niliuchukua. Nikapiga kasia peke yangu hadi kwenye boya la mtihani, nikashuka nimeshika mnyororo wake mpaka chini. Nikavua miwani kulekule, nikaivaa, nikatoa maji. Nikapanda navuta pumzi, natoa. Walichofanya wao nimefanya."

"Peke yako! Ungekufa."

"Ningekufa nimezamia."

"Mbona hukuurudisha?"

"Niliporudi nimeshauosha kisimani, Mwalimu kakaa mlangoni mwa stoo."

"Na kuosha kote huko kwa nini, wakati unaficha?"

Semeni alimtazama kwa huruma. "Ungeshika kutu."

Hasira ilimpanda Inspekta, wala hakumkasirikia mtuhumiwa. Mtu anaaminiwa kuosha vifaa, kuvivaa haaminiwi!

Kituoni Kibiti alichukua mwenyewe maelezo ya onyo ya Semeni, ya kupelekwa kwa hakimu. Kabla ya kuandika, aliiweka kalamu mezani.

"Sikiliza, dada. Nitaandika uliuficha tu kumkomoa mwalimu. Hakimu atakukaripia, yataisha. Tukiandika ulizamia, umeingia stoo kwa hila na kutumia mali ya kampuni. Utafungwa."

"Na mie nitakuwa sikuzamia?"

"Kwenye karatasi, hukuzamia."

"Basi andika nilizamia."

"Semeni, jela si mchezo."

"Mwalimu kaninyima cheti. Sasa wewe wataka nijinyime mwenyewe? Andika, Afande. Mpaka chini kwenye nanga ya boya. Kisha nisomee nisikie."

Inspekta akaandika. Alipomaliza akamsomea, neno kwa neno. Semeni alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akatikisa kichwa.

"Hujaandika kwamba nilipanda polepole. Mwalimu alisema hapo ndipo wanapofeli wengi."

Inspekta Lucas akaongeza mstari huo. Semeni akavuta karatasi, akatia sahihi jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake.