Alhamisi Aliyoandikwa Marehemu

Jumamosi, jua la utosi, Mwalimu alisikia cherehani inalia chumbani kwa mama yake. Alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya hisabati, akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Cherehani ile ilikuwa haina mkanda kwa miaka mitatu, tangu miguu ya mama ilipogoma. Na mama mwenyewe alikuwa barazani, anawatania wajukuu zake wawili kwamba wanasukana nywele kama wanaofunga mzigo.

Akaenda kuchungulia. Hapakuwa na mtu. Kanyagio la cherehani lilipanda na kushuka mara mbili, likatulia, na chumba kizima kikanuka udongo mbichi. Angemwita mkewe, lakini mkewe angeuliza maswali, na wiki hiyo Mwalimu hakutaka maswali.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Shule moja ya huko Ghuba ilikuwa inatafuta mwalimu wa hisabati, naye alifaulu usaili. Wangempokea na mke na watoto, nyumba ipo, masomo ya watoto yapo. Wiki mbili nzima yeye na mkewe walipima: mke angeacha kazi yake ya uuguzi, wasichana wangeacha marafiki, na mama je? Mama hakuwa na mtoto mwingine. "Bila mama siendi," Mwalimu alisema, tena kifua mbele. Kisha Alhamisi, akiwa peke yake katika chumba cha walimu, akajaza fomu kwenye kompyuta. Ikamuuliza kama mama yake yu hai. Akaona akijibu ndiyo watamhesabu mtu wa kurudirudi nyumbani, nafasi apewe mwingine. Akabonyeza kisanduku cha "marehemu". Kompyuta ikadai tarehe ya kifo, ikakataa katakata kuendelea bila tarehe. Mtu huyu, anayewakata wanafunzi maksi kwa nukta moja ya desimali, akaandika tarehe ya siku ileile, akatuma, akaingia darasani kufundisha.

Jumatatu yake, mwalimu wa jiografia alimshika mkono koridoni.

"Pole sana, ndugu yangu. Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

"Si umefiwa na mama?"

"Nani kakwambia?"

"Kuna mama kaja getini asubuhi, kajifunga kitambaa cha kijani. Akasema, 'Mpeni pole mwanangu, kafiwa na mama yake.' Nikajua ni shangazi yako. Mnafanana, jamani!"

Mwalimu hakuwa na shangazi. Kitambaa cha kijani kilikuwa cha mama yake, ambaye hata kufika bafuni mpaka ashikwe mkono.

Kuanzia hapo nyumba ikaanza kumsahau mama. Mkewe alipakua chakula sahani nne badala ya tano, akashtuka, akacheka kwa aibu, kesho yake akapakua nne tena bila kushtuka, wasichana wakawa wanampita bibi yao barazani bila salamu, na yule mdogo alipoulizwa kwa nini, akakunja uso na kuuliza, "Bibi gani?", na mama akawa anaita kwa sauti inayozidi kufifia, "Mbona mnanipita kama kiti?", huku kwenye kochi ambalo hakuna aliyekalia, mto ukididimia taratibu, ukipumua, na harufu ya udongo ikipanda mpaka ikawa inawakaa kooni wakati wa kula.

"Baba watoto," mkewe alimnong'oneza jikoni, "sasa hivi nimemlaza mama. Nimetoka, nikamkuta kasimama hapa ananitazama. Nimekimbia chumbani, yupo kitandani."

"Usiseme kwa sauti."

"Unajua kitu wewe?"

"Sijui," alisema Mwalimu, na aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Wakamwita mganga, mwanamke mfupi asiye na mbwembwe, aliyepata kuwa mkunga. Alinusa hewa sebuleni, wala mkoba wake hakuufungua.

"Jini hili halikuvunja mlango," alisema. "Kuna mtu humu katangazwa kafa, naye anapumua. Nafasi yake imeachwa wazi, limeingia kukaa." Akamkazia macho Mwalimu. "Aliyetangaza aende akamwambie mwenyewe, kwa kinywa chake, asipunguze neno. Mwenyewe akishasikia, hilo halina pa kukaa."

Mwalimu akaingia chumbani. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani, kitambaa cha kijani kichwani. Akapiga magoti, akasema yote: fomu, kisanduku, tarehe, na hata lile ambalo hakuwahi kujiambia mwenyewe, kwamba alipobonyeza kutuma alihisi mwili umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, mwanangu," sauti ikajibu, laini, tamu. "Nenda. Wapeleke watoto. Mimi nitakaa hapa."

Akalia kwa furaha. Akaushika mkono ule, akaubusu, na midomo yake ikatambua kabla ya akili: mkono ulikuwa baridi, na kiganja ni kitupu, hakina mstari hata mmoja.

"Unaongea na nani?"

Mama yake alikuwa mlangoni, anatoka kuoga, ameegemea bega la mkewe. Wote wawili walikuwa wamesikia. Kitandani kitu kilicheka kidogo, bila uchungu, shuka likalala bapa, dirisha likajigonga mara moja, na harufu ya udongo ikatoka nje yote.

Mama hakutazama kitanda. Alimtazama mwanawe.

"Uliandika tarehe gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi," alirudia polepole, akikumbuka. "Asubuhi ile nilikushonea kifungo cha shati. Ukasema asante."

Akaomba asaidiwe kukaa.

Jini halikurudi tena. Sahani zikawa tano, wasichana wakarudi kumsumbua bibi yao, na shule ya Ghuba ikatuma tiketi nne. Mwalimu alizirudisha siku hiyohiyo, akamwendea mama, akapiga magoti, akaomba tena msamaha.

"Inuka ule, chakula kinapoa," mama akamjibu.

Ameomba mara nyingi tangu hapo, na mama humjibu vizuri kila mara: inuka, kula, utachelewa shule. Lile neno hajalisema. Mpaka leo Mwalimu amelisikia mara moja tu maishani mwake, na anajua ni nani aliyelitamka.