Aliyecheza na Audrey

Mimi sikuwapo, nasema ya rafiki yangu Chelagat. Mwaka tisini na saba alikuwa akimtunza bibi Audrey kule Hyattsville, Marekani, miguu myembamba kama ya kuku lakini anataka dansi ya mraba, ile ya jozi nne. Akianguka, Chelagat hana kazi.

Ukumbi wa dansi hiyo uko chini ya kanisa. Mwalimu huwatembeza watu wanane kwanza bila muziki: huyu mpe mkono wa kulia, yule wa kushoto, mpaka umfikie mwenzio. Mmoja alikosekana, Chelagat akajaza.

Stima ikapotea. Chelagat akamshika Audrey asianguke, naye akafoka:

"Niachie, Chelagat, mimi si mtoto!"

Viatu vikaendelea kuburuta. Chelagat akapokea mkono, kisha mwingine, yote mikavu.

Taa zikarudi. Mwalimu na wale wengine walikuwa wameketi kando ya ukuta.

"Si niliwaambia mkae stima ilipopotea?" mwalimu akauliza.

Katikati Audrey alikuwa bado akizunguka, mkono mbele, kiganja kikibonyea kama kimeshikwa na vidole visivyoonekana.