Nyumba ya Kumi na Mbili

Kila asubuhi ya likizo Shallon aliwafungulia mbuzi, akafagia uwanja, kisha akaketi jikoni kumenya matoke pamoja na shangazi yake, Ketura. Hiyo ndiyo saa aliyoipenda kuliko zote. Ketura alikuwa akisoma chuo kikuu Kampala, na mdomo wake haukuchoka kusimulia.

"Shangazi, unasomea nini hasa?" Shallon aliuliza asubuhi moja ya Mei, mwaka 2016.

"Sera ya jamii." Ketura alipoona mpwa wake amekunja uso, alicheka. "Najifunza jinsi ya kupanga misaada ya wazee, wagonjwa na mayatima, ili isiwafikie wenye sauti kubwa peke yao."

Safari hii alikuwa amekuja kijijini kwao, Mahango, na kazi. Alizunguka nyumba kumi na mbili za mlima wao akijaza fomu kuhusu shida za kila nyumba. Fomu hizo zingepelekwa kwenye ofisi ya ustawi mjini Bwera, ambako wangechagua nyumba za kusaidiwa kwanza. Shallon, aliyekuwa darasa la sita na mwenye mwandiko mzuri, aliomba kusaidia. Ketura akamwachia nyumba tatu.

"Uliza wako wangapi, wanachota maji wapi, na nani mgonjwa," alimwagiza. "Kisha andika wanachosema wao."

Nyumba mbili zilikuwa karibu. Ya tatu, ya Bibi Edisa na mumewe Yafesi, ilikuwa juu kabisa, ng'ambo ya kijito. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa ya utelezi. Tena rafiki yake Sylivia alikuwa akimngoja wakaruke kamba. Shallon alisimama chini ya mlima, akatazama juu.

"Wako wawili tu," alijiambia. "Na Bibi Edisa nilimwona kanisani, mzima kabisa."

Akaweka fomu juu ya goti, akaandika: Watu wawili. Maji ya bomba. Hakuna mgonjwa.

Jioni Ketura alizipanga fomu zote kumi na mbili. "Kesho saa nne Sulaiti atanipeleka Bwera kwa boda," alisema. "Umenisaidia sana, mwanangu." Shallon alitabasamu, lakini hakumaliza chakula chake.

Asubuhi alipokwenda kuchota maji, alimkuta Bibi Edisa kijitoni akihangaika kujitwika dumu.

"Wabukire, mjukuu wangu," bibi alimwamkia kwa upole. "Nilisikia shangazi yako anapita nyumba kwa nyumba. Jana nilifagia uwanja, nikachemsha chai, nikawangoja mpaka jua likazama. Labda leo mtafika? Mzee angefurahi. Tangu Pasaka upande mmoja wa mwili wake umekufa ganzi. Hainuki."

Shallon alimtwika bibi dumu lake, akaacha la kwake pale pale, akakimbia nyumbani.

Sulaiti alikuwa ameshawasha pikipiki, na Ketura amepanda nyuma yake.

"Shangazi, shuka!" Shallon alilia. "Fomu ya Bibi Edisa ni ya uongo. Sikufika kwake. Niliandika mwenyewe."

Ketura hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Shallon zaidi.

"Sisi iko na haraka," Sulaiti alisema. "Mutu wa ofisi anatoka saa sita."

"Atanisubiri," Ketura alijibu akishuka. "Na wewe nisubiri, Sulaiti. Shallon, twende. Leo utauliza vizuri."

Walipanda mlima wakishikana mikono kwenye utelezi. Mzee Yafesi alikuwa amelala karibu na mlango ili aone njia. Shallon alipiga magoti, akamwomba radhi, kisha akauliza maswali yote, moja baada ya jingine.

"Je, tukuombee kiti cha magurudumu?" Ketura aliuliza mwishoni.

Mzee alicheka hadi akakohoa. "Kwenye mlima huu? Kitanifikisha Bwera kabla ya Sulaiti! Mimi nataka mtu wa kunifundisha miguu yangu tena. Na fito za kushikilia mpaka chooni, ili mke wangu asinibebe."

Shallon aliandika kila neno. Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya fito, akageuza karatasi na kuandika nyuma.

Sulaiti aliendesha kwa kasi, nao wakamkuta afisa bado yuko mezani. Baada ya wiki mbili mhudumu wa afya alianza kupanda mlima kila Ijumaa kumnyoosha mzee viungo. Vijana wa kanisani walisimika fito. Mwezi wa Agosti, Yafesi alisimama mlangoni kwa miguu yake, akimpigia Bibi Edisa kelele aje aone.

Habari hiyo ilimfikia Ketura Kampala, akapiga simu.

"Shallon, ulinikasirisha siku ile," alisema. "Lakini ulikimbia kuniambia kabla sijaondoka, na hilo sitalisahau. Ofisi haimwoni mtu aliye mlimani. Inaona karatasi tu. Ukiandika uongo, unamfuta mtu. Kwa hiyo fika kwake, muulize, kisha andika."

"Nitafika, shangazi," Shallon alisema. "Hata kama kuna utelezi."

"Najua, mwanangu. Haya, mpe mama yako simu."