Begi Lenye Uzi Mwekundu

Siku ile kwenye magofu walikuwepo watu wanne. Mama Donge. Wifi yake, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake. Mume wa Sindano, waliyempachika jina la Ramani kwa sababu ndiye aliyeshika ramani na ndiye aliyewapoteza kila siku. Na mlinzi wa magofu, mwanamume mkimya mwenye redio ndogo mfukoni. Hakuwepo mwingine. Donge mwenyewe, mtoto wa Mama Donge, alikuwa kwa bibi yake, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa.

Safari ilikuwa wazo la Sindano. Mawifi hao walishona mabegi kwenye karakana moja, cherehani zao zikitazamana, na Sindano alikuwa amechoka kumwona mwenzake akisinzia juu ya kitambaa.

"Tutatembea tu, wifi," alimwambia. "Tunafuata pwani, mji hadi mji. Tunaona miji ya kale, tunaogelea, tunarudi. Mama atabaki na Donge. Nawe mgongo wako upumzike."

Akashona mabegi mawili ya mgongoni kwa kitambaa kimoja cha kijivu. Ili yasichanganyike, akapitisha uzi mwekundu kwenye mkanda wa begi lake mwenyewe.

Mama Donge alikubali, na tangu walipotoka alijiona kama mwizi. Kila alipocheka, alikumbuka kwamba mahali fulani mtoto wake huenda analia.

Walifika kwenye magofu jua likiwa utosini. Kulikuwa na mji mzima usio na paa, milango bila mbao, ngazi zinazopanda hewani. Mlinzi aliwaonyesha njia kwa kidole.

"Ingieni popote. Ila kile chumba cha nyuma, kitazameni kutoka nje."

"Kuna nyoka?" Ramani akauliza.

"Nyoka angekuwa nafuu," mlinzi akajibu, akaongeza sauti ya redio.

Chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, na mlangoni pake palitoka ubaridi mzuri. Mama Donge akasimama pale apunge upepo. Palinuka maziwa. Alidhani ni kumbukumbu tu, maana kifua chake bado kilimuuma. Kisha, bila kujua, mwili wake ukafanya ulichozoea. Akainama kidogo, akapeleka mkono nyuma chini ya begi, akaanza kulipigapiga taratibu, huku akiyumba kushoto na kulia.

"Hoo, hoo. Lala baba, lala."

Sindano akaangua kicheko. "Jamani, njooni mwone! Wifi anabembeleza taulo na chupi!"

Wakacheka wote, hata Mama Donge, ingawa machozi yalikuwa karibu. Mlinzi peke yake hakucheka. Alizima redio.

"Umemwambia alale?"

"Nani?"

Mlinzi akamtazama mgongoni, si usoni. "Basi. Nendeni zenu."

Walipotoka, begi lilijikaza kidogo, likatulia katikati ya mabega yake, kama mtoto anavyolaza shavu akiwa amepata alichokuwa akikililia.

Tangu hapo lilizidi kuwa zito. Lilikuwa na joto hata asubuhi, likinuka maziwa yaliyochacha. Akilitua, mikanda yake ilitoa sauti nyembamba, na sauti ile haikukoma mpaka alivae tena. Kwenye mji wa ufukweni wenzake waliogelea, yeye akakaa kwenye mchanga na begi mgongoni. Hapo ndipo kitu kilipomvuta nywele za kisogoni, polepole, kwa vidole vidogo.

"Shemeji, hebu ninyanyulie," alimwomba Ramani.

Ramani akalinyanyua kwa kidole kimoja. "Hili? Jepesi kama mto wa kulalia. Shemeji, umezeeka!"

Sindano hakutania. Alimpa maji yake ya kunywa na kumfulia soksi, na jua lilipokuwa kali akavua kofia yake na kumvika. "Nipe nikupokee, wifi," alisema. Mama Donge akakataa. Akamwomba tena mbele kidogo ya safari, akakataa tena. Alijua angalau hilo: kwamba kitu kile hakikupaswa kupewa mtu.

Lakini katika mji wa ngome, asubuhi, aliamka haisikii miguu yake. Sindano akashuka kumletea chai. Mama Donge akabaki na mabegi mawili yanayofanana, na mkasi mdogo, na sindano. Akafumua uzi mwekundu. Akaupitisha kwenye mkanda wa begi lake, pindo kwa pindo, kwa mkono uleule wa Sindano, maana alikuwa ametazama mkono huo ukishona mbele yake miaka mingi. Kisha akabadilishanisha nguo zilizokuwa ndani ya mabegi hayo mawili.

Mlango ukafunguliwa. "Nimekutilia sukari nyingi," Sindano akasema. "Naona huna nguvu."

Mama Donge akainywa chai yote.

Siku hiyo alitembea mwepesi na hakuthubutu kugeuka. Nyuma yake alisikia hatua za wifi yake zikianza kuburuzika, kisha zikipoteza mpangilio, kisha akamsikia akiimba kwa pua wimbo ambao Sindano, asiye na mtoto, hakuwahi kuujua, wimbo wa kulaza, ukirudia mahali palepale bila kufika mwisho, na kila Ramani alipouliza kuna nini alijibu kwamba ni jua tu, twendeni, huku harufu ya maziwa yaliyochacha ikiletwa na upepo mpaka puani mwa Mama Donge, ambaye alifungua mdomo kusema, akaufunga, akahesabu kwamba mji uliofuata hauko mbali, akajiambia atasema wakifika, na alijua kwamba hatasema.

Mwenye nyumba ya wageni katika mji huo alikuwa mkunga aliyestaafu, mnene, mwenye maneno mengi. Alikuwa akianika mashuka walipoingia uani. Shuka likamdondoka.

"Mimba nimeziona za kila namna," alisema kwa sauti ya chini, "lakini ya mgongoni ni leo. Mketisheni huyo binti. Nani alikibembeleza hicho?"

Sindano alikuwa ameinama mpaka kidevu kinagusa kifua. Ramani alijaribu kumvua begi, lakini mikanda haikuachia.

"Nauliza tena. Kitu kama hiki hakipandi mgongo wa mtu mpaka kiitwe kwa upole. Na hakishuki kwa mwingine, ni kwa aliyekiita. Akikaa kimya, huyu hafiki kesho."

"Labda mimi," Sindano akanong'ona. "Labda niliimba mahali. Msimsumbue wifi, amechoka."

Hapo Mama Donge akapiga magoti. "Si yeye! Ni mimi. Begi ni langu. Nimefumua uzi, nimempa mzigo wangu. Nisamehe, wifi yangu, nisamehe."

Sindano akanyanyua macho kwa shida. "Nilijua," alisema. "Pindo langu huwa nalianzia kushoto. Nilidhani umeshindwa kabisa, ndiyo maana sikusema."

Mkunga akamgeuza Mama Donge, mgongo kwa mgongo na Sindano. Akasugua mikanda kwa mafuta, akisema "sukuma, mwanangu, sukuma," kama chumbani kwa mzazi. Mama Donge akasikia uzito ukimwangukia, na vidole vidogo vikimshika kisogoni, kwa furaha.

"Sasa mrudishe alikotoka," mkunga akasema. "Mtue, uondoke. Usigeuke. Na hata akilia vipi, usimbembeleze."

Ramani akakodi gari. Mchana wa kesho yake Mama Donge aliingia peke yake katika chumba kile kidogo, akatua begi sakafuni, akaliacha na kila kilichokuwamo, akapiga hatua kuelekea mlangoni kwenye mwanga, na nyuma yake kikaanza kulia, kwanza kama mikanda, kisha kama mtoto yeyote, kisha kwa sauti ya Donge, Donge hasa, na kwikwi zake za mwisho zinazokatika katikati, kile kilio alichomwachia bibi wa mtoto mlangoni siku ya safari huku yeye akienda bila kugeuka, na miguu yake ikaendelea kutembea kama alivyoagizwa, lakini mkono wake, mkono tu, ukarudi nyuma na kupigapiga hewa mara moja.

Kilio kikakoma.

Nje mlinzi alimuuliza kama amemaliza. Akasema amemaliza. Sindano, akiwa amenyooka tena kama sindano, akamkumbatia kwa mikono miwili. Mama Donge hakusema lolote kuhusu mkono.

Walifika nyumbani jioni. Donge alitoka mbio, akianguka na kuinuka, na mama yake akachuchumaa akampa mgongo kama zamani. Mtoto akasimama ghafla. Akatazama juu ya bega la mama yake.

"Panda, baba, panda."

Donge akatikisa kichwa. "Kuna mtoto," akasema, akaenda kumshika shangazi yake sketi.

Tangu siku hiyo Donge alibebwa na Sindano, mpaka alipoweza kutembea njia yote ya shule mwenyewe.